Toon, mchezo wa katuni uliosahaulika juu ya kabati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wageni wakija kwangu siku za Jumapili jioni humkuta mama yangu, bibi wa wajukuu sita, akibishana na mjukuu wake kama mbuzi ana haki ya kumdai nauli fisi aliyepanda basi lisilokuwepo. Wakishaketi huanza kuuliza, na maswali yao karibu siku zote ni yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili mgeni asome wakati chai inachemka.

Toon ni mchezo gani?

Ni mchezo wa kuigiza wa mezani. Hauna ubao kama Ludo wala karata. Kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na mtu mmoja ndiye anayeendesha hadithi. Yeye hueleza mlipo na kinachotokea, na huwasemea wahusika wote wasio na mchezaji: polisi, muuza chapati, mbwa wa jirani. Wewe unasema mhusika wako anafanya nini. Kama ni jambo linaloweza kushindikana, mnarusha dadu.

Mchezo wa aina hii unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, wenye mashujaa, mazimwi na hazina. Toon ulitoka miaka 10 baadaye, 1984, kwenye kampuni ya Steve Jackson Games ya Austin, Texas. Mtunzi wake ni Greg Costikyan akishirikiana na Warren Spector, ambaye baadaye alipata jina kubwa zaidi kwenye michezo ya kompyuta. Humu hamna mashujaa. Mnakuwa katuni, zile fupi za Hollywood za zamani ambamo mnyama anaangukiwa na piano, anakunjamana kama kinanda cha mkono, anajitikisa mara moja, kisha anaendelea na ugomvi wake palepale alipouachia.

Mbona kitabu kilikaa juu ya kabati miaka yote hiyo?

Kosa ni langu. Nilikinunua cha mtumba nikiwa masomoni Marekani, toleo kubwa la mwaka 1991 lililokusanya kanuni za awali pamoja na mambo mengi kutoka kwenye vitabu vya nyongeza. Wakati ule nilikuwa na kundi la kucheza Dungeons & Dragons, vijana makini, kila mmoja na daftari lake. Nikawaletea Toon usiku mmoja.

Jambo likafa kabla halijaanza. Tulikuwa sungura, bata na mamba, na kazi yetu ilikuwa kuingia benki. Mwenzangu mmoja alitumia karibu robo saa akichora ramani ya paa. Mwingine akataka kujua bima ya mamba. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifungua kitabu kila dakika kutafuta kanuni ya kamba. Mwisho tukaafikiana kwamba ni mchezo wa watoto, tukarudi kwenye mazimwi yetu.

Nikakirudisha nyumbani kwa sababu begi lilikuwa halijafikisha uzito. Kikapanda juu ya kabati, chini ya albamu ya harusi na chaja za simu ambazo hazipo tena. Kilichokishusha ni umeme kukatika usiku wa likizo, watoto wanne ndani, simu zote ziko asilimia tatu. Nilipanda kwenye stuli kutafuta mishumaa.

Tunahitaji nini ili kuanza?

Dadu mbili za kawaida zenye pande sita, penseli, karatasi, na saa yenye kuhesabu dakika. Za kwetu zimetoka kwenye maboksi mawili ya Ludo. Ukiwa na moja tu, irushe mara mbili ujumlishe.

Wachezaji wangapi?

Watatu au wanne, na mwendeshaji. Tumewahi kufika saba, ikawa soko.

Mhusika anatengenezwaje?

Hapa ndipo nilipogundua kwamba hapo zamani tulikuwa tumekisoma kitabu bila kukielewa.

Unaanza na yeye ni nani: mnyama, mtu, au kitu chochote. Binti yangu wa miaka tisa ni sufuria. Kila mhusika ana sifa nne, kila moja ina namba kuanzia 1 mpaka 6. Kwa Kiingereza zinaitwa Muscle, Zip, Smarts na Chutzpah. Tatu za mwanzo hazikutusumbua: Misuli, Wepesi, Akili. Ya nne, Chutzpah, ni neno la Kiyidi lililoingia kwenye Kiingereza cha Marekani, na nilihangaika nalo sana mpaka mama akauliza lina maana gani. Nikamweleza: ni ile hali ya mtu kukuibia kuku, kisha akaja kukuomba chumvi ya kumpikia. Akasema, "Huyo ana macho makavu." Basi sifa ya nne kwetu ni Macho Makavu.

Chini ya kila sifa kuna stadi, jumla 23: kuvunja mlango, kupanda, kukwepa, kuogelea, kunyata, kutega mtego, na kadhalika. Stadi inaanzia kwenye namba ya sifa yake, halafu unaiongeza kwa pointi ulizopewa. Ukitaka kufanya jambo, unarusha dadu mbili. Ukipata namba sawa na stadi yako au chini yake, umefaulu. Kuna stadi ya kumzungusha mtu kwa maneno hadi akubali upuuzi, ambayo sisi tunaiita "kumwingiza mjini", na nyingine ya kumuuzia mtu kitu kibovu au kukigundua kibovu unachouziwa. Kijana yeyote aliyewahi kununua chaja barabarani anaielewa hiyo bila kufundishwa.

Mwisho unaandika anachoamini mhusika na anachotaka. Usiruke sehemu hii, hata kama mna haraka. Mbuzi wa mpwa wangu anaamini yeye ni kondakta wa daladala, na kila anayepita mbele yake ni abiria ambaye hajalipa. Mstari huo mmoja umetutosha kwa miezi. Sufuria anataka kupata mfuniko wake uliopotea. Fisi wa mama anataka kula, na anaamini kwamba kila kinachoning'inia ni nyama.

Ni kweli kwamba mjinga ana faida?

Ni kweli, na kanuni hii ndiyo iliyonifanya nikae chini na kukisoma kitabu upya kwa mwanga wa mshumaa.

Umewahi kuona katuni anakimbia, anapitiliza ukingo wa jabali, anaendelea kukimbia hewani, na anaanguka pale tu anapotazama chini? Toon imeigeuza picha hiyo kuwa hesabu. Mhusika akitoka ukingoni anarusha dadu dhidi ya Akili yake. Akifaulu, anagundua kwamba hapana ardhi, na hapo anaanguka. Akishindwa, hajagundua kitu, kwa hiyo anaendelea na safari.

Sasa piga hesabu. Dadu mbili zina njia 36 za kuangukia. Mwenye Akili 6, ambayo ni ya juu kabisa, anafaulu kwa njia 15 kati ya hizo. Mwenye Akili 2 anafaulu kwa njia moja tu, moja na moja. Na mwenye Akili 1? Dadu mbili haziwezi kutoa jumla ya 1.

Mama ndiye aliyeliona hilo kabla yetu sote. Fisi wake ana Akili 1. Usiku ule wa kwanza mbuzi alikuwa anamkimbiza akidai nauli, wakafika kwenye korongo. Mbuzi akarusha, akapata tatu, naye ana Akili 4: akatazama chini, akalia "meee" ndefu, akatoweka. Fisi akaendelea. Mpwa wangu, kwa uchungu, akampigia kelele: "Bibi, angalia chini! Hakuna ardhi!" Mama akarekebisha kanga yake, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, fisi haangalii chini. Nyama iko juu." Akavuka. Mpaka leo hajawahi kuanguka.

Wale wenzangu wa kuchora paa la benki wote walikuwa wamejaza Akili 5 na 6. Haikushangaza kwamba walikuwa wakidondoka tu.

Mhusika akifa inakuwaje?

Hafi. Kila mmoja ana pointi za uhai: unarusha dadu moja na kuongeza 6, kwa hiyo zinakuwa kati ya 7 na 12. Zikiisha, anakwenda chali. Maana yake ni kwamba mchezaji wake anakaa nje kwa dakika tatu za saa ya ukutani, siyo za kwenye hadithi, kisha mhusika anarudi mzima na pointi zake zote, kana kwamba hakulipuliwa.

Kwetu anayekwenda chali analala chali kweli, sakafuni, na mdogo wake anamhesabia. Dakika tatu zinatosha kwenda kujaza birika. Mimi kama mwendeshaji nimeshafika mahali pa kuwalipua kwa zamu chai ikipungua, na nadhani wameanza kushtuka.

Kupigwa butwaa ni nini?

Mhusika akiona jambo lisiloingia akilini, anarusha dadu ya Akili. Akishindwa, anapigwa butwaa: anasimama pale mdomo wazi, hawezi kufanya kitu mpaka butwaa limtoke. Ni silaha kubwa kuliko rungu. Sufuria aliwahi kumduwaza askari kwa kumuuliza tu kama anajua mfuniko wake uko wapi.

Kanuni ikikosekana kitabuni, mwendeshaji afanye nini?

Asipekue. Kitabu chenyewe kinamwambia: ukiwa na shaka, chukulia ni nusu kwa nusu. Rusha dadu moja, 1 mpaka 3 ni ndiyo, 4 mpaka 6 ni hapana, endelea. Je, muuza chapati ana tiketi ya ndege mfukoni? Dadu. Je, hiyo mizinga imejaa nyuki au imejaa polisi? Dadu.

Kuna maagizo mengine mawili ya aina hiyo ambayo kitabu kinayatilia mkazo: sahau yote unayoyajua, na tenda kabla hujafikiri. La pili linahitaji ukali kidogo. Mchezaji akianza kusema "subirini kwanza, tupange," mimi huhesabu tatu. Nikimaliza hajasema lolote, mhusika wake anafanya kitu cha kwanza kinachoendana na kile anachoamini. Mbuzi anadai nauli, fisi anakula kilicho karibu.

Inachezeka kwa Kiswahili?

Inachezeka vizuri kuliko nilivyotarajia, na kwa sababu ambazo watunzi wake kule Texas hawakuzipanga.

Kwanza, wahusika tunao. Mtoto aliyekulia kwenye "Paukwa! Pakawa!" hahitaji kuelezwa kwamba Sungura ni mjanja, Fisi ni mlafi, na kwamba mmoja atamponza mwenzake. Kundi langu la Marekani lilihitaji dakika arobaini kukubali kwamba wanyama wanazungumza na wana deni dukani. Mama hakuhitaji hata moja.

Pili, sarufi. Sikiliza meza yetu. Mwanzo wa mchezo ule wa kwanza watoto walikuwa wanasema "sufuria imeanguka", "sufuria iko wapi". Binti yangu alipomtia sufuria maneno mdomoni, akalalamika mara moja kuhusu mfuniko, ghafla kila mtu akasema "sufuria amekasirika". Hakuna aliyewaelekeza. Sasa ninaitumia kama mtego: nikiwaambia "mlango amewatazama", wote wananyamaza, kwa sababu wamejua mlango huo si wa kufungua hivihivi. Kwa lugha isiyo na ngeli ningehitaji sentensi nzima kufanya kazi ya herufi moja.

Tatu, methali. Njia mbili zilimshinda fisi: hadithi yake kila mtu anaijua, alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama pande zote mbili, mguu huu huku, mguu ule kule, akapasuka. Nikamweka fisi wa mama kwenye njia panda makusudi, nikidhani nimempata. Akapasuka kweli. Nusu moja ikaenda kushoto, nusu ya pili ikaenda kulia, mbuzi akadai nauli mbili. Nusu zile zikakutana tena mbele sokoni, zikasalimiana kwa adabu, na kuanza kugombana nani kala zaidi. Nimetafuta kitabuni kanuni ya fisi nusu. Ilikuwa nusu kwa nusu.

Ugumu upo kwenye vichekesho vya maneno ya Kiingereza vilivyomo kwenye hadithi za mfano. Hivyo usivitafsiri, vitupe, weka vyako.

Hadithi tunaitoa wapi?

Kitabu kina zake, fupi na ndefu, kama vile katuni za sinema zilivyokuwa. Ya kuanzia ni mashindano ya Olimpiki ya katuni, ambayo yanakupitisha kwenye stadi moja baada ya nyingine. Kama mwendeshaji ni mgeni, aanze nayo.

Baada ya hapo tafuta mahali penye watu wengi na kitu kimoja ambacho wote wanakitaka. Feri, foleni ya maji, harusi yenye pilau la kutosha wageni mia waliokuja mia tatu. Usiandike mwisho. Niliandika mwisho mara moja, kurasa mbili, na sufuria akamwoa bwana harusi dakika ya nne.

Inachukua muda gani?

Hadithi fupi, nusu saa hadi saa moja. Ikizidi saa mbili kicheko kinageuka uchovu.

Watoto wa umri gani? Na hizo vurugu zote za kulipuana?

Anayeweza kujumlisha dadu mbili na kusubiri zamu anaweza kucheza. Wadogo zaidi wape mhusika, umsomee karatasi.

Kuhusu vurugu, ni halali kuuliza. Watu wanapigwa na nyundo humu. Nilichokiona ni kwamba kwa kuwa hakuna afaye na hakuna kinachopotea, watoto hawamshangilii mpigaji, wanamcheka aliyejiponza mwenyewe. Lakini mzazi ajue watoto wake. Na utani wa kucheka kabila, dini au ulemavu wa mtu ninaukata palepale mezani. Katuni za zamani za Marekani zilikuwa na mengi ya namna hiyo na sioni sababu ya kuyafufua.

Kuna mshindi?

Hakuna. Mwendeshaji hutoa pointi kwa anayefanya watu wacheke au anayefikia lengo la mhusika wake, na pointi hizo zinaweza kuongeza stadi. Wachezaji wetu huzisahau kuzihesabu, isipokuwa mpwa wangu, ambaye huziita nauli.

Steve Jackson huyu ndiye yule wa Uingereza?

Siye. Kuna wawili, na wote ni watu wa michezo. Mwingereza ni mmoja wa waanzilishi wa Games Workshop, kampuni ya michezo ya kule Uingereza. Mmarekani ndiye mwenye kampuni ya Austin, ileile iliyovamiwa na maafisa wa usalama wa serikali mwezi Machi 1990, wakachukua kompyuta pamoja na muswada wa kitabu cha mchezo kuhusu wadukuzi. Kampuni ikashtaki, na mwaka 1993 mahakama ikaipa haki. Watu waliochapisha kanuni ya kutembea hewani kupambana mahakamani na serikali ni kisa ambacho nisingethubutu kukiweka kwenye mchezo.

Kuna michezo mingine ya kuchekesha kama huu?

Ipo. Paranoia, ambayo Costikyan huyuhuyu aliitunga na wenzake na ikatoka mwaka uleule wa 1984, ni ya watu wazima zaidi: kompyuta yenye wasiwasi inatawala mji, kila mchezaji ni msaliti wa aina fulani, na kila mmoja anapewa miili sita kwa sababu mitano ya kwanza haitadumu. Inachekesha, ila ni kicheko cha kuangaliana pembeni. Kwa meza yenye bibi na mtoto wa miaka tisa nachagua Toon bila kusita.

Kasoro zake ni zipi?

Stadi 23 ni nyingi mno kwa mchezo unaokwambia usifikiri. Nusu yake hatujawahi kuzigusa. Na usijaribu kuufanya hadithi moja ndefu ya wiki baada ya wiki. Wahusika hawabadiliki, hawajifunzi, na hawatakiwi kujifunza. Acha miezi miwili ipite, kisha warudishe.

Kasoro nyingine ni ya mwendeshaji. Inabidi uwe tayari kuonekana huna akili mbele ya wakwe. Kuna watu wazima ambao hilo haliwezekani kwao, na sijapata dawa yake zaidi ya kuwapa nafasi ya kukaa karibu na mama.

Unaazimisha kitabu?

Hapana. Nilikiazimisha mara moja, kikarudi baada ya miezi saba kikiwa na alama ya kikombe kwenye ukurasa wa stadi. Njoo Jumapili saa kumi na moja jioni, kitabu kiko mezani. Uje na nauli, mbuzi yupo mlangoni.